Iko Nani Kwako?

Milimani, juu ya Fizi, tarehe 9 Machi 1956

Kwa Shangazi yangu Godelieve, Baraka,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, homa ya mwezi uliopita imekwisha. Nasikia mvua imebomoa jiko lako; tafadhali usipande juu ya paa wewe mwenyewe, tuma vijana wa jirani. Tangu waliponitoa disipanseri ya Baraka wakaniweka katika kundi la chanjo ya ugonjwa wa usingizi, miguu yangu imekuwa ya mbuzi: kupanda, kushuka, kupanda tena. Tukifika kijijini shefu anapiga ngoma, watu wake wanajipanga, kila nyumba na mkubwa wake, nami ninachoma sindano. Ndiyo kazi.

Sasa neno lenyewe. Juma lililopita tulilala karibu na zizi la mzee Sebatware, yule anayeleta siagi katika soko la Baraka. Kando ya moto wake nilikuta mwanaume mmoja, jina lake Nicolas. Alikuwa akichimba zahabu upande wa Misisi. Mguu wake wa kuume una kidonda ambacho mfupa unaonekana. Kilipoanza kunuka walimtoa kazini na kambini pamoja, maana nyumba ya kambi ni ya mwenye kufanya kazi. Kwao ni mbali, upande wa Kasongo. Alitoka huko akiwa mtoto, na waliomjua wamekufa. Tangu hapo analala popote giza linapomkuta.

Nilimpeleka mbele ya mzungu wetu wa chanjo. Akauliza: wa kijiji gani? Nicolas akasema hana kijiji. Mzungu akasema atatibiwa katika kijiji chake. Shangazi, mimi kutwa nzima ninaita majina ya watu, na huyu hakuna anayemwita.

Nimemfunga kidonda kwa siri. Haitoshi. Anataka peniseline, na kuoshwa kila siku, na kulala mahali pamoja. Unajua sharti la disipanseri yetu: mgonjwa asiye na mtu wa kumpikia halazwi. Nyumba yako iko nyuma yake tu. Sebatware amekubali watu wake wamshushe kwa kipoyi, wakimbeba mabegani. Chungu kimoja, Shangazi, bugali na sombe. Siombi zaidi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Norbert


Baraka, tarehe 14 Aprili 1956

Norbert mutoto wangu,

Hii njo salamu? "Salamu nyingi," halafu unaniletea mugonjwa? Nani alikufundisha vile, bazungu? Barua bila salamu iko kama mugeni mwenye kuingia bila kupiga hodi. Basi kaa chini nikusalimie mi, upate kujifunza. Habari ya kulala? Habari ya kifua? Unakula, ao unakunywa chai tu? Siye tuko. Jiko nilishafunika, na nilipanda juu mi mwenyewe, utanifanya nini. Samaki ya ndakala ilikuwa mingi mwezi huu mpaka mbwa zinachagua. Constance jirani yangu alizaa mapacha. Mumoja Mungu alimurudisha. Tulilia sana. Muhogo mu shamba ya marehemu Albert mume wangu iko muzuri. Roger, mudogo wake, haniamkie hata leo. Unajua sababu. Siku ya kumaliza matanga balitandika mukeka yake ili nikae juu, anirithi, na mi nikabaki kusimama mbele ya pasta na bazee. Sikukaa. Ile bado inamuuma.

Sasa muntu wako. Yoo, Norbert! Ulisema kidonda, hukusema harufu. Bantu ba Sebatware balimuweka chini ku mulango, bakaenda kuuza siagi. Yule enfirmie, muganga aliyechukua kiti yako, Alphonse, kijana mwenye soksi nyeupe, akaniuliza: "Mama, huyu iko nani kwako?" Nikasema ni mugeni wa Norbert. Akasema: "Mugeni si ndugu. Akikufa hapa, nani atamuzika? Chakula ikikosa, nitamuita nani?" Akashika mulango.

Nicolas hakuomba. Kama angeomba, labda ningerudi kwangu. Alivuta tu muguu yake pembeni, asizibie bengine njia. Ni hapo ulimi ilinitoka: "Huyu ni shemeji yangu. Ni mudogo wa Albert, wa mama ingine." Kusema ni wa kwetu singeweza, kaka nilikuwa naye mumoja, baba yako, na Baraka muzima ilimuzika. Lakini ukoo ya Albert iko na matawi mpaka Kabambare. Nani atahesabu?

Basi amelazwa. Anapata sindano yake. Ninapika pamoja na bamama bengine mu lile jiko la nyuma, penye kila mugonjwa iko na mafiga yake. Iko muntu wa adabu, haguse bugali mpaka aone mi nimekaa. Nikimwambia kula, anangoja. Ananichokesha kweli.

Shangazi yako,
Godelieve


Milimani, tarehe 20 Mei 1956

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Hodi, hodi. Umeamkaje? Habari ya jiko, habari ya Constance na mtoto aliyebaki? Mungu amfariji. Kifua changu ni kizuri, na ninakula: jana maziwa, leo viazi, kesho Mungu anajua. Je, nimesalimia vya kutosha?

Barua yako ilipita mikono ya wauza chumvi, ikanifikia imelowa. Niliisoma nikicheka, mpaka nikafika penye "mudogo wa Albert". Hapo kicheko kilikatika. Shangazi, unafahamu ulichosema? Roger ni ndugu wa tumbo moja na mume wako, nawe ulimkataa mbele ya wazee. Wakakuachia nyumba na shamba kwa sababu uliapa kubaki mjane wa Albert mpaka kufa. Leo umetangaza ndugu mwingine, na kila siku unampikia mbele ya macho ya watu. Roger atasema nini? Atasema: kumbe mama huyu hakukataa kurithiwa, alinikataa mimi.

Rudisha neno. Nenda kwa Alphonse taratibu, mwambie ulikosea, mwambie ni mtu wa kanisa tu.

Nimeandika hivyo, kisha nimekaa nikitazama karatasi. Ukirudisha neno watamtoa kitandani. Niambie rangi ya kidonda. Nyama ikiwa nyekundu, kinapona. Ikiwa ya kijivu, lia na Alphonse akuongezee dawa, na usimwogope kwa ajili ya soksi zake.

Mtoto wako,
Norbert


Baraka, tarehe 23 Juni 1956

Norbert,

Salamu yako safari hii nimeipokea, ilikuwa na miguu na mikono. Hapa kiangazi iko, upepo ya ziwa inatutilia muchanga mu chakula. Mutoto wa Constance ameanza kucheka. Pasta anakohoa. Mi niko muzima, mugongo tu njo unasumbua.

Kidonda: nyama ni nyekundu, kama ya samaki mupya. Anasimama na fimbo. Na hakai bure. Anakata milulu kule mutoni, anasuka mikeka, bamama ba jiko banamupa samaki, anapewa na chumvi. Halafu alisuka moja ya kwangu.

Ni hapa nilikosa, Norbert. Nilikuwa nimetoka shamba, kuni ku kichwa, jua imenipiga. Nikapakua bugali. Yeye, kama kawaida yake, hale mpaka nikae. Akatandika ile mukeka mupya kando ya mafiga, akasema: "Mama, kaa." Na mi nikakaa. Nilikaa, mutoto wangu! Bamama bakaacha kukoroga. Constance akashika mudomo. Ndipo nilijua nimekaa juu ya nini. Yeye kwao habana ile desturi, aliona tu mama amechoka. Nikaruka kama nimekalia kaa la moto, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kabla jua haijazama habari ilikuwa imefika Lweba kwa ukoo ya Albert: "Mukeka ya Roger alikataa, na ya muntu wa njiani akakaa!" Bamama ba huku bananichokoza: "Bwana yako leo anakula nini?" Nacheka nao. Ningefanya nini?

Roger alikuja na bazee babili. Hakupiga kelele, afazali angepiga. Akasema: "Kama kweli ni ndugu yetu, atahesabu baba zake mbele ya ukoo. Tutakuja mwezi wa munane." Basi sasa, nikikoroga sombe, ninamufundisha Nicolas majina ya baba za Albert, moja moja, mpaka yule aliyevuka ziwa. Anashika vizuri, iko na kichwa.

Sina shida ingine. Shamba iko sawa.

Godelieve


Milimani, tarehe 15 Julai 1956

Shangazi yangu,

Habari ya mgongo? Habari ya pasta na kikohozi chake? Mtoto wa Constance acheke mpaka azeeke. Huku baridi ni kali, tunalala na viatu. Sebatware amepoteza ndama wawili, anakusalimia hata hivyo.

Ni yeye aliyeniambia. Alipita njia ya shamba lako akienda sokoni, akakuta mke wa Roger anang'oa mihogo yako, na jembe lako mkononi. Akamuuliza, akajibiwa: shamba limerudi kwa wenyewe. Nawe uliniandikia: shamba iko sawa. Shangazi, kwa nini unanificha? Mimi ni mgeni kwako?

Niliomba ruhusa kushuka. Mzungu wangu alisema ugonjwa wa usingizi haungojei mikutano ya mikeka. Nimekaa na hasira siku nzima, nimemchoma sindano mzee mmoja mpaka akanitukana.

Nimelifikiria neno hili nikitembea. Nicolas akihesabu vizuri, basi ni ndugu wa Albert, nawe ulikaa juu ya mkeka wake: watasema wewe ni mke wake, utake usitake, na kiapo chako kimekwisha. Akikosa, wewe ni mwongo, nyumba inafuata shamba, naye anatolewa kitandani kabla kidonda hakijafunga. Pande zote mbili unapoteza, na ni mimi niliyekuomba chungu kimoja. Njoo huku. Nitatafuta nyumba, hata ya majani.

Norbert


Baraka, tarehe 2 Septemba 1956

Norbert mutoto wangu,

Habari ya kulala? Habari ya ile baridi? Kaa chini kabisa. Nimekawia kuandika, na si kwa kukosa muntu wa kubeba barua. Huko kwako sitakuja. Nilisoma, nikakunja, aksanti.

Mukutano ilikuwa mu kiwanja nyuma ya disipanseri. Bazee ba Lweba balikaa, Roger alisimama. Mukubwa wao akamwambia Nicolas: "Hesabu baba zako." Mi nilikuwa natembeza midomo kama mwalimu mbele ya enspekta. Alikuwa anajua yote, Norbert. Asubuhi ile alinihesabia bila kukosa hata moja. Akasimama na fimbo yake, akaniangalia, akaangalia Roger, akasema:

"Majina ya baba zenu ninajua, mama huyu alinifundisha, na ni majina mazuri. Lakini si baba zangu. Baba yangu alikufa mbali na kaburi yake siijue. Mi si ndugu ya muntu yeyote hapa. Mama alisema uongo ili nile. Uongo niliula mi, basi ni wangu. Mukeka nilitandika sababu alikuwa amechoka. Musimuguse."

Nikuambie kweli, nilimukasirikia. Nilimufundisha apate kuishi, na yeye anatupa vile mbele ya bantu, kwa ajili yangu! Nilitaka nimupige na mwiko. Bazee bakasema: mama amedanganya ukoo, nyumba irudi. Alphonse akasema kitanda ni ya wenye ndugu. Kila muntu alisema sharti yake, na hakuna aliyetukana, na sote wawili tukawa inje.

Constance alisogeza vyungu vyake, akanipa pahali kando ya mafiga yake mu lile jiko. Ndipo ninalala. Nicolas aliondoka bila kuaga. Nilijua sababu: alitaka bantu baone hakuna neno kati yetu, labda banirudishie nyumba. Nilimutafuta, nikamukuta mu hangari ya pamba, juu ya magunia matupu. Nikampelekea chakula kila siku. Na hata pale, Norbert, hakula mpaka nikae. Mukeka alikuwa ameniachia mi. Nikakaa chini, mu vumbi.

Kidonda ilikuwa karibu kufunga. Ikarudi kunuka. Asubuhi moja taya yake ilikaza, hata maji haikupita, mugongo ikapindika kama upinde. Nilikimbilia Alphonse. Alikuja, nisimunyime haki yake. Alikuja mbio na sindano, soksi zote mu matope. Ilikuwa imechelewa. Nicolas alikufa saa bantu banarudi shamba. Alphonse alikaa kando yake akilia, mutoto wa bantu. Hata yeye sikuweza kumuchukia.

Halafu nikajiuliza: nani atamulilia? Muntu hawezi kuingia mu udongo kimya kama mbwa. Nikanyoa nywele. Nikakaa chini nikalia, na mi najua kulia kwa namna moja tu, ya ukoo ya Albert. "Yoo, mudogo wa Albert! Yoo, mutoto wa fulani, wa fulani!" Nikahesabu baba zote, yale majina yote aliyokataa kusema. Constance akaitika. Bamama ba jiko bakaitika. Sauti ikafika soko.

Na Roger akaja. Jembe ku bega. Nikasema moyoni, leo ananiua. Hakuniangalia. Akauliza: "Mumechagua pahali gani?" Nikamwambia, Roger, huyu si wenu, alisema kwa mudomo yake. Akanijibu kwa hasira: "Umemulilia na majina ya baba zangu, Baraka yote imesikia. Sasa achimbe nani? Mugeni?" Akachimba peke yake, akakataa musaada, mpaka shati ikalowa. Tukamuzika mu ile mukeka niliyokalia.

Alipomaliza alipangusa jembe ku majani, akasema bila kugeuka: "Mulango ya kaka yangu sikupigilia misumari." Akaenda zake.

Sijarudi bado. Kila jioni naona ile mulango kwa mbali. Nikiingia, nitakuwa nimelipwa kwa kifo ya muntu, ao namna gani? Nijibu we mwenye kusoma.

Godelieve


Milimani, tarehe 7 Oktoba 1956

Kwa Shangazi yangu,

Umeamkaje? Umelalaje, na wapi? Habari ya Constance, ya mtoto, ya pasta? Habari ya nywele zako, zimeanza kuota? Barua yako niliisoma njiani, nikakaa juu ya jiwe, wachukuzi wakanipita wote. Sebatware naye amelia. Alisema yule mtu alikuwa akimsaidia kupasua kuni akiwa amekaa, kwa sababu hakuweza kusimama.

Umeniuliza mimi mwenye kusoma. Ninajua tu kwamba kila kijiji ninachofika, ngoma ikipigwa, ninaangalia nyuma ya mstari, kule kwa wasioitwa. Wako, Shangazi. Zamani sikuwaona, na nilikuwa na macho haya haya.

Siwezi kukuomba tena. Lakini juu ya njia ya Fizi kuna mama mmoja, jina lake Mukashema. Mume wake alikufa, wenye zizi wakahama, yeye akaachwa kwa sababu ya kikohozi, na watoto hana. Anasema Kinyarwanda, Kiswahili kidogo tu. Analala ndani ya zizi tupu. Kifua chake nimekisikiliza. Kikipata dawa na chakula, kitapona. Kikikosa, hatamaliza mvua hizi.

Sebatware yuko tayari na kipoyi, anangoja neno langu, nami nimechelewa kulisema siku hizi zote. Alphonse atakuuliza: iko nani kwako? Sijui utajibu nini. Na nyumba huna. Nimemwambia Sebatware aende.

Nisamehe,
Norbert


Baraka, tarehe 30 Oktoba 1956

Norbert,

Amefika. Anakohoa, lakini anakula.

Alphonse alikuja ku mulango ya disipanseri, akafungua mudomo aulize. Bamama ba jiko bote bakasimama, kila mumoja na mwiko yake ku mukono. Akafunga mudomo. Akafungua tena, akauliza tu: "Anakula ku mafiga ya nani?" Nikasema: yangu.

Muchana anapata sindano pale, usiku analala na mi mu nyumba ya Albert. Niliingia kwa ajili yake, kwa ajili ya mvua, sikuingia kwa ajili yangu. Leo asubuhi nilikuta kuni imepangwa ku mulango, mingi, ya kupasuliwa vizuri. Roger alikuwa anapita njia. Hakuniamkia.

Salamu nitakuandikia siku ingine. Chungu iko motoni.

Godelieve